Rangi Nyeupe Kwenye Mbao

Salma mwanangu,

Wewe uko chumba cha pili unagombana na zipu ya begi, mama yako anakwambia sweta la tatu lazima liingie, na mimi nimekaa jikoni najifanya naandika orodha ya vitu vya dukani. Siandiki orodha. Nakuandikia wewe, tena kwa Kiswahili, na najua utalalamika kwamba mwandiko wangu hausomeki na kwamba ningekutumia sauti kwenye simu kama wazee wa wenzako. Usome polepole. Kutoka Euston mpaka Glasgow ni zaidi ya saa nne, na kesho ndani ya treni hutakuwa na pa kunikimbia.

Sikwambii ule nini wala uvae nini. Hayo mama yako ameshayasema mpaka jirani wa juu ameyashika. Nina jambo moja tu. Limenikaa kooni tangu Jumapili iliyopita, na kabla ya hapo lilishanikaa miaka ishirini na mbili, ambayo ni umri wako.

Jumapili iliyopita ulinionyesha kile kitu chako cha kwenye simu. Uliketi kiti hiki hiki nilichokalia. Ukanieleza kwamba kibarua akiona hatari saitini, tuseme waya umechunika au ngazi imelegea, anapiga picha, anaandika maneno mawili matatu kwa lugha yake, anatuma, na wewe ofisini unaipata pale pale. Jina si lazima aandike. Mwaka mzima umekitengeneza chuoni na wenzako, na hiyo kampuni ya Glasgow imekuchukua kwa ajili yake, ukaangalie usalama wa watu kwenye jengo la ghorofa ishirini. Ukakiweka kwenye simu yangu. Ukasema, "Baba, jaribu wewe kwanza. Wewe ndiye umeifanya kazi hii."

Na mimi nikakwambia nini? Nikakwambia huko ni kuchongea watu. Nikasema mtu anayepeleka habari za wenzake bila jina ni mchongezi, na kwamba sisi saitini hatukuwa na simu, tulikuwa na macho yetu. Ukanijibu kwa Kiingereza, kile chako cha pole pole ambacho nikikisikia najua umeumia. Ulisema kama macho yangetosha watu wasingeanguka. Ukaenda chumbani kwako. Tangu hapo tunasalimiana kwenye korido kama wapangaji.

Wiki nzima nimejikasirikia. Nimekaripia birika, nimemkaripia mama yako, nimempigia kelele mtu wa redioni. Katika maneno yote ambayo ningeweza kuyasema, nichague kusema kwamba tulikuwa na macho yetu. Mimi wa kusema hivyo. Ngoja nikueleze, halafu uamue mwenyewe kama baba yako ana akili.

Babu Makame unamjua. Ndiye babu pekee uliyemshika mkono hapa London, ingawa hana damu na sisi. Amekufundisha Juzuu Amma kwenye lile zulia lake la Kilburn, amekupa peremende kwa siri wakati mama yako amekukataza, na tangu unapata akili unamuona anachechemea na mkongojo. Tulikwambia alianguka kutoka kwenye kiti akibadilisha taa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukija nyumbani kwake unakagua viti vyote. Hakuanguka kwenye kiti. Alianguka kutoka ghorofa ya pili ya jukwaa la ujenzi, kwenye kazi tuliyokuwa tukiifanya pamoja, na kilichomwangusha ni kitu nilichokibuni mimi.

Nilipofika nchi hii nilikuwa na begi moja na anwani ya Mzee Makame kwenye karatasi. Tulikuwa tukimwita Mzee hata wakati ule. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga Kilburn, kitanda kimoja, na miezi saba nililala kwenye sakafu yake bila kuulizwa nitaondoka lini. Alikuwa mwashi tangu Unguja. Kule amejenga kwa mawe na chokaa, huku akajifunza matofali, na mimi nikajifunza kwake. Mpaka naacha kazi, mwiko niliushika vile alivyonionyesha yeye. Ningemfanyia lolote, na nililomfanyia ndilo hilo.

Mama yako alipokuwa na mimba yako tulikuwa tunakarabati nyumba ndefu za zamani, hapo hapo upande wa Kilburn. Jukwaa lilikuwa la kawaida, mabomba ya chuma yamefungwa pamoja, juu yake zimelazwa mbao, na wewe unatembea juu ya mbao. Nyapara wetu alikuwa Muairishi, jina lake Declan, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuamsha mtaa, lakini mvua ikinyesha yeye ndiye wa mwanzo kushika koleo. Sikuwahi kumuona akimtweza mtu. Nataka uliweke hilo akilini.

Baridi ile nikaanza kuona kwamba Mzee anapapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga. Kisha nikaona anautafuta mwiko wake kando ya pale ulipo. Siku moja wakati wa chai nikamuuliza.

"Macho yamepata ukungu, yakhe," akaniambia. "Lakini mkono unaona. Ukuta wangu umeukuta umepinda?"

"Haujapinda."

"Basi kunywa chai yako."

Kabla hatujainuka akanishika goti akaniomba nisimwambie mtu. Alikuwa na mke na watoto Unguja wanaokula kwa mkono wake, na alikuwa na miaka karibu sitini. Aliamini Declan akijua tu, kesho yake hana kazi. Mimi pia niliamini hivyo. Hatukumuuliza Declan, tuliamini tu. Kuhusu macho yenyewe tulidhani ndio uzee, hauna dawa. Wanaume wawili wazima, tunapita mbele ya hospitali kila asubuhi na basi, na hatukuingia kuuliza.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza mimi mpaka nimechoka kujiuliza. Nilikuwa na miaka tisa Mapinduzi yalipotokea kwetu. Siasa zake sikuhadithii leo, wala sina mtu wa kumlaumu. Nakueleza nyumba yetu tu. Baba yangu alikuwa karani. Muda kidogo baada ya Mapinduzi alitoa mzaha mmoja barazani, juu ya foleni ya mchele, watu wakacheka, na mmoja wa wale waliocheka akaupeleka mbele. Baba akachukuliwa. Alirudi baada ya miezi mitano na hakutoa mzaha tena maishani mwake. Tangu pale, kila asubuhi mama alipokuwa akinifunga vifungo vya shati la skuli alikuwa ananiambia maneno yale yale: "Ukiulizwa, hujui." Hakuwa akinifundisha uongo, alikuwa ananilinda. Na mimi nikakua nikijua kwamba hakuna mtu mchafu kama yule anayechukua jambo la mwenzake akalipeleka kwa mkubwa.

Sasa mchukue mtu huyo, mlete London, mpandishe juu ya jukwaa, mwambie akiona mwenzake ana tatizo aende kwa nyapara. Hendi. Ataona bora aanguke yeye. Tatizo ni kwamba si yeye aliyeanguka.

Badala ya kusema, nikajifanya mjanja. Nilikwenda duka la Mhindi wa Kingsbury Road, yule marehemu aliyezaliwa Unguja, nikanunua kopo la rangi nyeupe. Akaniuliza, "Khamis, unapaka chumba cha mtoto?" Nikamjibu ndiyo, kwa hiyo huo nao uongo. Jioni wenzangu wakishuka mimi nikabaki. Nikapita ubao mmoja mmoja, nikahakikisha kila ncha imelala juu ya bomba na imefungwa, na ule nilioukagua nikaupaka weupe kwenye ncha mbili na kwenye ukingo wa nje. Asubuhi nikampitisha Mzee juu yake. Nikamwambia, "Penye weupe nimepakagua mimi, kanyaga. Pasipo na weupe simama uniite."

Akajaribu. Akaenda mpaka mwisho na kurudi bila kupapasa. Alicheka peke yake pale juu, na mimi nikajiona fundi wa mafundi.

Ilifanya kazi, Salma, na ndiyo maana inaniuma. Kungekuwa giza kwa Mzee peke yake pengine mambo yangekwisha kimya kimya, lakini asubuhi za baridi kulikuwa giza kwa kila mtu, na ghafla kila mtu akawa anauona ukingo wa jukwaa. Seremala mmoja Singasinga, ambaye kwa kawaida alikuwa hasemi na mtu, alinijia akaniambia sasa ile kona ya mwisho haiogopi tena. Wakawa wananisifu. Mkuu wa kampuni alipita akauliza wazo la nani, nikaonyeshwa mimi. Siku hizi saiti zina mabango kila pahali na hata mleta maziwa anavaa koti la manjano, lakini wakati ule mtu mmoja na kopo lake la rangi alikuwa ni habari.

Declan alinivuta pembeni akaniuliza, kwa wema kabisa, rangi ile ina maana gani.

Mtu mwenye uwezo wa kusaidia ananiuliza swali lile lile nililopaswa kuulizwa. Hajakasirika. Ana muda. Ningesema, "Maana yake ni kwamba ubao huu nimeukagua na umefungwa." Maneno hayo tu, macho ya Mzee nisiyataje kabisa. Hata hayo sikuyasema, kwa sababu niliogopa swali la pili, kwamba kwa nini basi mtu ahitaji kuonyeshwa. Nikamwambia ni desturi ya kwetu.

"Desturi nzuri," akasema Declan, akanipiga bega.

Ukazaliwa wewe, Jumanne, kabla ya siku zako, na kelele zako ukazileta siku ile ile. Niliomba ruhusa ya siku tatu. Mzee akaniambia, "Nenda kwa mkeo. Mimi nina weupe wangu." Nikaenda. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikufikiria chochote, na sikulaumu wewe hata chembe, usije ukaanza kulia ndani ya treni ukadhani nakulaumu.

Jumatano Declan akaamua kunifanyia jambo. Akatoa kopo kubwa la rangi, akaweka vibarua wawili uwanjani, wakapaka mbao zote. Zote, hata zile zilizokuwa bado zimepangwa chini hazijapandishwa. Aliona ni kitu kizuri, kinasaidia watu, na mwenyewe niko hospitali na mtoto, basi nirudi nikute kimekamilika. Alhamisi asubuhi zikapandishwa. Kwenye ile kona ya mwisho mtu mmoja aliulaza ubao, akashuka kufuata kifungio. Ncha yake ilikuwa inaning'inia, chini yake hakuna bomba. Mwenye macho angeona. Mzee aliona weupe, akakanyaga.

Singasinga ndiye aliyenihadithia baadaye. Alisema Mzee hakupiga kelele. Aliita jina langu.

Nyonga yake ilivunjika pahali pawili. Nilimkuta amelazwa, uso umevimba, na jambo la kwanza aliloniuliza ni mtoto gani. Nikamwambia wa kike. Akasema alhamdulillahi, akafumba macho.

Halafu ikaja zamu ya maswali. Serikali ilimtuma mkaguzi, mama mmoja mpole mwenye daftari. Alituita mmoja mmoja. Alipofika kwangu akaniwekea mbele picha ya ule ubao na kuniuliza weupe ule ulikuwa na maana gani. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, baba wa mtu, na nilimsikia mama yangu akinifunga vifungo. Nikamjibu, "Hauna maana." Akaandika. Mzee naye kitandani kwake alisema aliteleza tu. Ikabaki kwamba ubao haukufungwa na kwamba mkubwa wa pale alikuwa Declan. Declan mwenyewe alisimama mbele ya watu akasema ni kweli, mkubwa ni yeye. Wakamfukuza kazi. Sikumuona tena saiti yoyote.

Subiri, bado hujafika pale panaponifanya nitake kuvunja vyombo. Pale hospitali daktari alimmulika Mzee machoni, akauliza kwa nini mtu huyu hakuletwa siku zote hizo. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walimpasua jicho la kulia, na baada ya wiki chache la kushoto. Kila jicho halikuchukua hata saa moja, na hakuna aliyetuomba shilingi. Mzee akawa anasoma gazeti amelala chali na vyuma kwenye nyonga, ananisomea mpaka matangazo. Macho yalipona kabisa. Mguu ndio huo unaoujua.

Miaka minne iliyopita nilikutana na Declan kituo cha basi, Kilburn High Road. Amekonda, nywele zimekwisha. Aliniona yeye kwanza. Akaniuliza habari zako, jina lako anakumbuka. Halafu akasema, "Khamis, zile mbao bado naziota. Nilizipaka kwa ajili yako. Kwa ajili ya mtoto." Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja aambiwe kitu. Nikamwambia basi langu limefika. Halikuwa limefika. Nilitembea mpaka kituo cha pili ili asinione nimesimama.

Kwa hiyo ndiye huyo baba yako aliyekaa kiti hiki Jumapili akakupa mafunzo juu ya uchongezi.

Leo asubuhi nilipokwambia naenda kununua mkate nilikwenda kwa Mzee. Siri hii si yangu peke yangu, nisingeweza kukupa bila ruhusa yake. Nilimkuta amevaa kanzu, anakaanga yai, ananigombeza kwamba sikuja tangu wiki iliyopita. Nikamwambia nataka kumweleza Salma.

"Kumweleza nini?"

"La rangi."

Akazima jiko. Akaketi pole pole, unajua anavyoketi. "Yakhe, mimi miaka yote hii nilijua hulisemi kwa sababu unanisitiri mimi."

"Ndiyo. Uliniomba."

"Nilikuomba juu ya macho. Macho yamepona zamani. Mimi nilisema niliteleza kwa ajili yako wewe. Una mtoto mchanga, karatasi zako hazijatimia, wakijua rangi ni yako watakufanya nini? Nikasema acha niteleze."

Tukatazamana, wazee wawili wapumbavu na yai linapoa. Baadaye akaniuliza, "Na Declan, nani kamsitiri?"

Akaniambia Declan huja kumtazama kila Krismasi, anakaa mtaa wa nyuma tu, wanakunywa chai na kuzungumza mpira. Miaka yote hiyo huyo mtu anaketi kwenye zulia ulilosomea Kurani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia. Mzee akasema, "Mwambie mtoto. Na umwambie nilikuwa mwashi mzuri, asije akanijua kwa kuanguka tu." Alikuwa mwashi mzuri, Salma. Sijaona ukuta wake uliopinda.

Kusitiriana ni jambo letu na ni zuri, sikwambii uliache. Limenilaza mimi miezi saba pahali pakavu. Lakini mimi nililipandisha jukwaani, na kule juu likamvunja mtu mmoja mguu na mwingine jina.

Nimekifikiria tena kile kitu chako. Kina kasoro, ila si ile niliyoitaja. Kinamuuliza mtu ameona hatari gani. Mimi na Mzee tungekuwa nacho mwaka ule tusingeandika kitu, hata bila jina, maana kwetu sisi hatari tulikuwa tumeshaimaliza kwa kopo la rangi. Waulize pia wamejitengenezea nini. Utakuta mmoja amefunga kitambaa kwenye bomba, mwingine ameegesha tofali pahali, mwingine anapita njia ndefu kila siku na hasemi kwa nini. Usiwacheke na usiwasifu haraka. Uliza wakati wa chai, si mbele ya watu, na wakikwambia ni desturi yao, uliza tena kesho yake. Mimi Declan angeniuliza mara ya pili nadhani ningesema. Sina hakika, lakini nadhani. Na kitu kikiwa kizuri usikieneze uwanja mzima kabla ya kukaa na aliyekianza akakwambia kinasema nini.

Tena wape pa kwenda. Mzee angejua kwamba akitaja macho yake atateremshwa chini achanganye saruji wiki mbili tatu mpaka atibiwe, na kazi yake inamngoja, angetaja mwenyewe. Watu hawafichi kwa kupenda kuficha. Mimi si mtu wa vyuo, wewe utajua namna ya kuliandika hilo kwa maneno ya ofisini.

Na ujichunge mwenyewe, maana tabia hii umeirithi. Umesahau ulipokuwa skuli ndogo huoni ubao? Mwaka mzima ulinakili kwa yule rafiki yako wa Neasden, na nyumbani husemi, kwa sababu ulisikia mama yako na mimi tunazungumzia matumizi. Mwalimu ndiye aliyetuita. Nilikupeleka duka la miwani siku ile ile, na ulipoivaa ukasoma namba ya basi ng'ambo ya barabara, nikalia mbele ya watu. Ulidhani nalilia bei. Nilikuwa namuona Mzee anapapasa kwa mguu, na nikajiuliza ni kitu gani kingine nimekufundisha bila kujua. Utafika Glasgow, utakuwa mgeni na mdogo kuliko wote, tena msichana, na siku utakayokosea utatamani kunyamaza. Ukinyamaza nitajua umetoka wapi, na nitajikasirikia upya.

Kesho nikishakupandisha treni sirudi nyumbani. Nitashuka Kilburn, nimpitie Mzee, na twende sote mtaa wa nyuma kwa Declan. Mzee ameahidi kuvaa koti lake la Idi. Sijui nitaanzaje. Pengine atanifukuza, na atakuwa na haki. Mama yako nitamweleza leo, ukishalala, maana na yeye nilimwambia ni kuteleza.

Mwisho, kuna kitu utakikuta utakapofungua kompyuta yako huko ofisini, na sitaki ukione kabla hujasoma haya. Ulisema nijaribu mimi kwanza. Mchana huu nimekaa na simu, kidole kimoja, miwani puani, nusu saa nzima, herufi zinaruka ninakotaka na nisikotaka. Palipotaka picha nilikuwa na ile niliyoipiga asubuhi, mkongojo wa Mzee umeegemea mlango wake. Palipouliza hatari nini nimeandika, ubao umepakwa rangi nyeupe lakini haujafungwa. Palipouliza nani alikuwa anajua nimeandika, mimi. Chini kabisa kuna kile kisanduku chako kinachosema jina si lazima.

Nimeandika.

Baba yako,
Khamis Abdalla Faki